Kingo za matuta zilizokuwa zinabinuka, nilivyotatua

Matuta yangu ya mboga yalikuwa na kingo za mbao laini za kawaida, sasa udongo ukilowa unakuwa mzito unasukuma, mbao zikabinuka katikati na upande wa chini ukaoza, yaani ukibonyeza kidole kinazama. Mataruma ya reli ya zamani nikayakataa, yamelowekwa kreosoti, ile dawa yenye sumu ya kuzuia mbao zisioze, sitaki karibu na mboga. Bati nalo bila fremu linapinda tu.

Nikaenda na bloku za saruji zenye matundu. Nilichimba mtaro, nikashindilia kokoto, mstari wa kwanza nikauzamisha nusu ardhini na pimamaji juu ya kila bloku (hapa usiwe na haraka aisee, wa chini ukiyumba wa juu wote unayumba), wa pili nikaupanga kwa kupishanisha viungio, bila zege, alafu kwenye kona nikapigilia nondo kupitia matundu nikajaza udongo. Bloku mpya zinaachia chokaa kidogo, kwa hiyo mimea inayopenda udongo wa asidi siipandi kingoni. Kwenye matundu nimeweka vitunguu majani. Mvua kubwa zimeshapita na hakuna bloku iliyotoka mstarini.