Contradict na ndugu zake

Zamani nilikuwa nakariri kamusi ya Kiingereza usiku kucha, asubuhi yote yameyeyuka. Siku hizi nasoma riwaya za Kiingereza tu. Juzi nimekaa zangu Raskazone hapa Tanga, upepo wa bahari unapiga, nikakutana na neno contradict kwenye riwaya, bwana anambishia mkewe mezani, wala sikushika simu, nikakumbuka dict ni Kilatini, kusema, na contra ni kinyume, basi nikalipata, kusema kinyume, yaani kupinga! Tena likaja na ndugu zake, predict kusema kabla yaani kutabiri, dictate ile imla ya shuleni, hata dictionary yenyewe. Kama sisi tu na soma, somo, msomaji, kisomo. Ila mzizi bila hadithi kwangu haukai, contradict nitaikumbuka kwa yule mke alivyoweka kijiko chini taratibu, kimya.