Muuza zege mwenye mafuta kwenye damu

Saa 10 alfajiri
Alamu inalia, naizima kabla mama watoto hajageuka. Nina miaka 44, kilo 61, na huu ni mwaka wa 13 nauza chipsi na zege, yaani chipsi mayai, Tandika, Dar. Nikisema kijiweni kwamba nina kolesteroli, watu wanacheka. "Wewe? Na huo mwili?" Tumeshajiwekea kichwani kwamba mafuta kwenye damu ni ya wenye vitambi na magari.

Saa 11
Soko la Stereo, Temeke. Viazi vinashuka kutoka kwetu Njombe, kwa hiyo salamu yangu kwa wapakuaji ni "Kamwene!" na bei inalainika kidogo. Kiazi nakijaribu kwa ukucha: ganda likichubuka kirahisi, hicho bado kichanga, kitakunywa mafuta kama sponji.

Gunia linatangulia na guta, mimi nafuata kwa miguu, mwendo wa mtu anayedaiwa. Zamani nilikuwa nakaa juu ya gunia. Daktari alitaka dakika 30, siku 5 za wiki, mwendo wa kuhema lakini bado unaweza kuongea. Gym sina hela wala muda, ila njia ya Stereo hadi Tandika ninayo kila siku.

Saa 1 asubuhi
Wenzangu wako kwenye supu. Ile yenye macho ya mafuta yanayoelea juu, na chapati mbili. Nakaa nao na chai ya rangi, muhogo wa kuchemsha na maharage. Miezi ya mwanzo niliwakwepa. Kosa. Ukikwepa watu utachoka, utarudi kwao na kwenye supu yao siku hiyo hiyo.

Saa 3
Kijana wangu anamenya, mimi nakata. Wakati mikono inafanya kazi, niseme lililoniponza.

Miaka 3 iliyopita nilipimwa kwa bahati tu, nilikwenda kwa ajili ya mgongo. Kolesteroli mbaya, ile LDL, ikasoma 5.8. Sikuwa na dalili hata moja, kichwa hakiumi, kifua kizima. Nikaandikiwa dawa ya kuishusha, atovastatini miligramu 40, kidonge kimoja kwa siku. Miezi 3 baadaye, 2.9. Nikashangilia. Pakiti ilipoisha nikaenda duka la dawa, kijana wa dirishani akaniuliza, "Si umeshamaliza dozi, kaka?" Nikajiona mjinga kununua tena.

Simlaumu peke yake. Sisi dozi tumeijulia kwenye malaria: mseto, vidonge 24, siku 3, umemaliza, umepona. Neno lenyewe lina mwisho ndani yake. Nikakaa miezi 4 bila dawa, najisikia vizuri kabisa, maana hata nilipokuwa na 5.8 nilijisikia vizuri kabisa! Kurudi kupima: 5.6.

Daktari hakugomba. Akachora ini kwenye karatasi ya cheti. Ini ndilo linalotengeneza sehemu kubwa ya kolesteroli ya mwili. Dawa inalibana lisitengeneze nyingi, nalo likipungukiwa linaivuta ile iliyoko kwenye damu. "Ukiacha kulibana, linarudi kazini," akasema. Ile 2.9 haikuwa kupona, ilikuwa dawa iko kazini.

Saa 6 mchana
Karai linawaka. Hapa ndipo pananiuma. Napika kwa mawese yaliyosafishwa, kwa sababu ni nafuu na yanavumilia moto wa siku nzima. Mwezi wa 7 mwaka juzi nilipeleka dumu la mafuta haya nyumbani Njombe. Asubuhi ya baridi nikakuta yameganda mpaka shingoni, jeupe kama sabuni. Kando yake chupa ya alizeti ya mama ilikuwa inamiminika kama maji. Karibu nusu ya mawese ni mafuta ya namna ile yanayoganda. Kwenye alizeti ni kama sehemu 1 kati ya 10. Na hayo yanayoganda ndiyo yanayopandisha LDL, kuliko hata kiini cha yai ambacho wote tunakisingizia.

Nilijaribu alizeti wiki 2. Faida yote ikaishia kwenye dumu. Sasa nimebaki na ninachokiweza: mafuta yakianza kutoa povu na kubadilika rangi namwaga, siongezei mapya juu ya machakavu. Siyo jibu, najua.

Kuna dereva boda anakula zege kila mchana. Leo kaniuliza kwa sauti, foleni nzima inasikia: "Bro, mbona sijawahi kukuona unakula chipsi zako?" Nikamwambia nimeshiba harufu. Watu wakacheka. Alipolipa nikamwambia pembeni, "Kapime mafuta ya damu, mdogo wangu." Akanitazama kama nimemtukana.

Saa 8
Ugali, mchicha usio na tui, dagaa. Mama wa matunda kaniletea chupa yake ya kitunguu saumu, tangawizi na limau, "inasafisha mishipa." Nakunywa, ni heshima, na dawa yangu iko pale pale. Balungi lake ndilo ninalolikataa: duka la dawa ninalokwenda siku hizi walinionya kwamba linaongeza kiwango cha atovastatini mwilini. Bado anaamini nataka apunguze bei.

Saa 10 jioni
Nampigia mdogo wangu Makambako. Baba yetu alianguka shambani akafa akiwa na miaka 48, mzima wa afya, na kijijini likasemwa lililosemwa. Daktari aliposikia habari za baba na kuangalia namba zangu, akaniambia kuna kolesteroli ya kurithi. Mzazi akiwa nayo, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuipata, awe mwembamba au mnene.

"Kaka, huo ugonjwa wa Dar," anasema. "Mimi nalima."
"Baba naye alikuwa analima."
Kimya. Halafu salio likaisha, sijui la kwake au la kwangu.

Saa 1 hadi saa 4 usiku
Foleni, moshi, kachumbari imeisha, chenji hakuna. Hakuna cha kusimulia. Miguu inawaka, na dawa ilipokuwa mpya niliogopa kwamba ndiyo inayoniumiza nyama za mwili. Nilisema kliniki, wakapima damu, wakaona haina shida, tukaendelea. Wako wanaoumwa nyama kweli kwa sababu ya dawa hizi, na hubadilishiwa. Ila mwambie daktari kwanza, usijiachishe mwenyewe kama mimi.

Saa 5 usiku
Nimeoga, lakini nywele bado zinanuka karai. Kidonge nakimeza na maji, huku mwanangu wa kidato cha 3 akinikumbusha tena alichokisoma: dawa ya kwanza ya ukoo huu ilipatikana kwenye ukungu, miaka ya 1970, kazi ya Mjapani Akira Endo. Anafurahi sana kwamba baba yake anameza watoto wa ukungu.

Nahesabu vilivyobaki: 6. Jumamosi nanunua pakiti nyingine, na sitaulizwa kama nimemaliza.

Simu inatetemeka. Ni mdogo wangu.
"Kaka, hicho kipimo wanataka mtu asile?"
Namjibu: usile kuanzia saa 4 usiku, maji ruksa, asubuhi wahi mapema. Na pita njia ya nyuma, ile ya mbele ina supu.