Nilivyopima nzige wekundu wa Malagarasi: tenga madume na majike kwanza

Nilitaka kujua kwa vipimo kama nzige wamekulia upweke au kwenye msongamano, kwa kuwa umbo lao hutofautiana. Ushauri niliopewa ulikuwa mfupi: kamata nzige arobaini, pima urefu wa mwili kwa rula, tafuta wastani, linganisha na jedwali la nzige wa jangwani. Hakuna sehemu ya ushauri huo iliyofaa, na ulinipotezea kiangazi kizima kwenye mbuga za Malagarasi, upande wa Kigoma.

Urefu wa mwili unadanganya. Tumbo la jike linavutika likijaa mayai na linasinyaa akikauka, kwa hiyo nzige yuleyule anakupa vipimo viwili. Pima sehemu ngumu, ambazo hazikui tena akishajivua gamba la mwisho: bawa la mbele, paja la mguu wa nyuma, na upana wa kichwa kwenye mashavu, chini ya macho. Kalipa, kile kipimio cha taya mbili, iguse tu. Ukiikaza, kichwa kinabonyea.

Kuchanganya jinsia ndilo kosa kubwa. Tuseme bawa la dume ni milimita 50 na la jike 60. Madume 30 na majike 10 wanakupa wastani wa 52.5. Geuza, madume 10 na majike 30, unapata 57.5. Milimita tano zimeongezeka na hakuna nzige hata mmoja aliyebadilika! Tena kukamata kwenyewe kunapendelea upande mmoja, maana majike wenye mayai ni wazito kuruka na wavu unawapata kirahisi. Mimi nakamata alfajiri, wakiwa bado wamepoa kwenye mabua ya nyasi, na nachukua kila ninayemfikia bila kuchagua wakubwa.

Jinsia iangalie kwenye ncha ya tumbo. Jike ana vijino vinne vigumu vya kuchimbia udongo anapotaga. Ukimbonyeza taratibu vinafunguka. Dume hana, ncha yake imezibwa na bamba lililoinuka kama omo la mtumbwi.

Mara ya kwanza niliwatia wote kwenye kiroba kimoja. Nzige akibanwa huacha mguu wa nyuma, kwa hiyo nilipofungua nilikuta rundo la miguu chini, na haikujulikana upi ni wa nani. Uwiano wa paja kwa kichwa unahitaji paja na kichwa cha nzige mmoja, basi mzigo wote ukawa hauna kazi. Dawa niliipata kwa muuza karanga: kila nzige anaingia kwenye karatasi yake ya gazeti iliyosokotwa kama ile ya karanga, namba na tarehe juu kwa penseli, kisha friza usiku mmoja. Unamshika kifuani, kamwe si mguuni. Gharama ni magazeti ya zamani na kidogo cha mwenye friza. Kwa kuwa bawa limepinda, nalilaza kwenye karatasi ya grafu, kioo juu, ndipo nasoma.

Sasa jedwali. Kwa nzige wa jangwani, paja likigawanywa kwa upana wa kichwa, chini ya 3.15 ni wa kundi, juu ya 3.75 ni aliyekulia upweke. Lakini hao ni wale waliofika kaskazini mwa nchi mwanzoni mwa 2021. Huku kwetu ni nzige wekundu, aina nyingine kabisa, na mipaka hiyo haiwahusu. Nilicholinganisha mimi ni pengo la madume na majike, mwaka kwa mwaka, mbuga ileile. Waliokulia upweke, jike humzidi dume kwa mbali. Waliokulia kwenye msongamano, pengo linapungua. Pengo hilo halionekani kabisa ukishawachanganya.

Msimu nao una maana yake. Nzige wekundu wana kizazi kimoja kwa mwaka: mayai mvua zikianza, tunutu (watoto wasio na mabawa) mvua zikiendelea, wenye mabawa kuanzia Machi au Aprili. Subiri wakauke vizuri, kwa sababu paja laini linapinda kwenye kalipa. Moto wa kiangazi ukiteketeza nyasi, wote hujazana kwenye vipande vilivyobaki. Hapo utaona wingi wa kutisha huku vipimo vikiwa bado vya wapweke. Usivitupe, miili hiyo ilikamilika kabla ya moto. Msongamano wa Agosti utaanza kusomeka kwenye mabawa na mapaja ya watoto wao, baada ya mvua zinazofuata.