Iliki yako haizai? Iname uangalie maua

Kichaka cha iliki kinaweza kumpita mtu urefu, majani mabichi yanang'aa, na bado kisikupe hata kiganja cha punje. Mwenye shamba hulaumu mbegu au mbolea. Mara nyingi tatizo liko chini, usawa wa vifundo vya miguu, maana iliki haichanui juu. Vishada vyake hutoka kitakoni mwa shina na kutambaa ardhini.

Asili yake ni misitu ya milima ya kusini mwa India, chini ya miti mikubwa. Hapa Unguja hupenda udongo wenye kina, kama wa Kizimbani na Kidichi. Kwenye maweni usijisumbue: mizizi yake ni ya juujuu na haivumilii kiu. Kivuli cha mnazi peke yake ni chembamba, jua la kaskazi litaunguza majani. Mfenesi unafaa sana, ila kata matawi ya chini. Giza likizidi, kichaka hurefuka tu na maua huwa machache.

Panda mwanzoni mwa masika, kwa chipukizi lenye shina moja lililokomaa na jingine changa. Shimo liwe na upana wa sentimita 60 na kina cha 45, ulijaze udongo wa juu uliochanganywa na samadi iliyooza, na mche hadi mche uache mita 2 hadi 3. Usifukie kwa kina. Kitako kikizama na maji yakatuama, kinaoza, na kilichooza hakifufuki.

Maua hutarajiwa kuanzia mwaka wa 3. Ua ni jeupe, lina ulimi mpana wenye mistari ya zambarau, na mistari hiyo ndiyo inayomwelekeza nyuki kwenye maji matamu. Akijipenyeza ndani, mgongo wake husugua chavua, naye huipeleka kwenye ua linalofuata. Ua la iliki lina uwezo wa kuzaa kwa chavua yake lenyewe, lakini sehemu ya kuipokea imekaa juu kidogo ya chavua, kwa hiyo bila mdudu haifiki. Tena ua ni la siku moja tu: hufunguka alfajiri, nyuki hushughulika nalo zaidi kati ya saa mbili na saa sita mchana, kisha linanyauka.

Ndiyo maana vishada vilivyofunikwa na majani makavu ni hasara tupu. Vikianza kutokeza, kata mashina makuukuu yaliyokwisha kuzaa, tandaza majani makavu chini, na ulaze vishada juu yake vionekane. Dawa ya wadudu usiipulize asubuhi wakati wa maua. Utaua nyuki haohao unaowahitaji. Mzinga pembezoni mwa shamba ni msaada mkubwa, ila uwe mbali na njia ya watu. Mvua ya mfululizo huwazuia nyuki kuruka, lakini vishada huendelea kuchanua kwa wiki nyingi, usikate tamaa.

Toka ua hadi tunda kukomaa ni kama miezi 3 hadi 4, na matunda hayaivi pamoja, hivyo rudi kila baada ya wiki 2 au 3. Chuma kwa mkasi yakiwa bado kijani na punje za ndani zimeshakuwa nyeusi. Ukingoja yageuke manjano, yatapasuka wakati wa kukausha. Yaanike kivulini penye upepo, kwani jua kali hufifisha ukijani wake, na mnunuzi huanza kwa kutazama rangi.