Nilifuata ovaloki Tanga, nikamkuta fundi wa mkonge

Naanza na hela maana ndo inayoniuma mpaka leo. Bajaji kutoka stendi ya Kange mpaka Ngamiani elfu sita, jamaa kaona begi tu akajua huyu mgeni. Gesti elfu ishirini na tano kwa chumba chenye feni inayojizungusha kwa shida na chandarua chenye tundu la kupita paka, chai hamna, ukitaka chai uvuke barabara. Njiani sina la kusimulia, Chalinze, Segera, machungwa ya Muheza yanapandishwa dirishani, nimelala nimeamka nimefika.

Nilichofuata ni ovaloki, ile cherehani ya kufunga pindo za nguo. Mke wangu anashona nyumbani Mbagala na kila siku anapeleka nguo kwa jirani kufungwa pindo, hela inaishia huko. Nikaona mtandaoni jamaa wa Tanga anauza, imeandikwa Japani, picha nzuri, laki sita na nusu. Nikafika kwake, akachomeka umeme, akapitisha kipande cha kitenge, mashine kimya inateleza kama maji. Nikalipa. Kuipeleka gesti nikasema niijaribu kidogo nifurahi, dakika kumi tu ikaanza kulia kama bati linalokokotwa kwenye lami. Kupiga simu, haipatikani. Kesho yake asubuhi kwenda kwake, mlango una kufuli, jirani ananiambia kasafiri, anasema huku anaangalia pembeni.

Mama mwenye gesti akanionea huruma, lakini ile huruma ya Tanga yenye utani ndani yake. "Mwanangu, Tanga waja leo waondoka majaaliwa. Mpelekee babu yule Mmakonde wa barabara ya nyuma, alikuwa fundi kiwandani." Halafu akanikumbusha kama nalala tena ni elfu ishirini na tano nyingine.

Nikambebesha kijana wa mkokoteni, elfu mbili, tukamkuta babu kakaa barazani, meza ndogo mbele, spana zimepangwa kwenye gunia kubwa kwa ndogo. Vidole viwili vya mkono wa kushoto havina ncha. Usoni ana zile chale zetu, na mimi ni mtoto wa Newala nikazijua palepale. Nikamsalimia shikamoo babu kwa sauti ya juu maana niliambiwa hasikii. "Marahaba. Usipige kelele, nakuona mdomo. Kiwandani hakuna aliyesikia mtu, tuliongea kwa midomo."

Sasa hapa ndo nilichoka. Mtu hasikii, nimemletea mashine yenye ugonjwa wa sauti. Akaniambia iwashe. Akachukua bisibisi ndefu, ncha akaigusisha kwenye mota, mpini akaukandamiza kwenye mfupa nyuma ya sikio, akafumba macho. Akahamisha kidogo, akafumba tena. Karibu dakika tano hivi, mimi nimesimama nawaza nauli. Akazima mwenyewe. Akasema beringi ya mota imekufa, wameijaza grisi nzito makusudi, ikiwa ya baridi inaziba kelele, ikipata moto inayeyuka ndo unasikia. Kwa hiyo yule jamaa alijua kabisa, alikuwa anahesabu dakika! Akaendelea kwamba ile mikono miwili ya chini inayobeba uzi bado mizima, sindano nayo haigongi popote, mashine si mbaya, mbaya ni aliyeniuzia.

Akanituma kwa mafundi feni nikatafute beringi, elfu nane, niliporudi keshafungua kila kitu. Nikamwongelesha Kimakonde. Akacheka mpaka akaweka spana chini. "Wewe mwenzetu lakini si mwenzetu. Nyie wa Newala ndo mlikuwa mnatuita Wamawia." Kwao ni upande wa pili wa Ruvuma, maeneo ya Mueda, Msumbiji, na Wamawia ndo jina tulilowapa Wamakonde wa huko. Anasema baba yake alikimbia pamba. Wareno walilazimisha kila mtu alime pamba, wakaipime wao, wapange bei wao, ukigoma kiboko, basi mzee yule akavuka mto kwa mtumbwi na mke na mtoto mmoja, ambaye ndo yeye, wakaishia mkonge wa Tanga. Umanamba, kibarua cha mkataba mashambani. Unapewa namba kabla hujapewa godoro. Na kipande chako, ile kadi ya kazi, lazima kijae siku thelathini ndo ulipwe, siku uliyoshindwa kumaliza mzigo wako wa kukata haihesabiwi, kwa hiyo mwezi wa mtu unaweza kuwa na siku arobaini.

Yeye mwenyewe hakukata sana. Alianzia korona, pale majani yanaposagwa yabaki singa, yaani nyuzi za mkonge, halafu akachukuliwa kiwanda cha kusokota kuwa kijana wa kupaka mafuta. Alivyonielezea kazi ile alikuwa anaonyesha kwa mikono juu ya ovaloki yangu. Singa zinakuja kwenye marobota, zinanyunyizwa mafuta na maji zilainike, zinapita kwenye vitana vya misumari ya chuma, kitana baada ya kitana, mpaka zinakuwa utepe mrefu, utepe unavutwa unakuwa mwembamba, ndo unasokotwa uzi. Vidole viliondoka kwenye vitana. Masikio yaliondoka polepole, hakujua yanaondoka. Vumbi hataki kulizungumzia. Uzi wenyewe ulipanda meli kwenda kwa wakulima wa Ulaya na Marekani wafungie majani makavu ya mifugo. "Nimefunga chakula cha ng'ombe wa dunia nzima, mimi hata mbuzi sina."

Mwaka 1964 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani laki mbili za mkonge, hakuna aliyetufikia duniani. Mwaka 1967 serikali ikachukua mashamba mengi, na wakati huohuo kamba za plastiki zikawa zinaingia sokoni kwa bei rahisi. Babu hana maneno ya siasa, yeye anapima kwa spea. Zamani spea ilikuja kwenye boksi, baadaye ikaja barua, baadaye wakawa wanachonga wenyewe kwa vyuma chakavu. Msumbiji ilipopata uhuru 1975 wenzake wengi wakafunga mizigo. Nikamuuliza mbona wewe hukurudi. Akasema usiku ule alikuwa zamu, kuna mashine mbili zilikuwa zinamsikiliza yeye tu. Basi, hivyo tu. Kiwanda kikaja kufungwa, waliitwa uani wakaambiwa mtaandikiwa. Nusu ya mafao yake anaisubiri mpaka leo.

Na kitambulisho pia alizungushwa. Kazaliwa ng'ambo, cheti hana, aliyembeba mgongoni kavuka naye keshakufa. Akanionyesha kwa kidole mkonge uliojiotea pembeni ya ukuta wake. "Huu naye Mjerumani Hindorf kauleta 1893, kutoka Marekani huko, ikafika hai miche sitini na mbili tu. Mbona upo kwenye vitabu vya shule kama mzawa?" Nikacheka, yeye hakucheka.

Usiku ule sikulala vizuri, mbu na mawazo. Kwetu Newala nikiwa mdogo ukiuliza fulani yuko wapi unaambiwa "kapotelea Tanga", na hakuna anayeshangaa, kama vile Tanga ni shimo. Hatukuwahi kuuliza huko shimoni wanafanya nini.

Babu alichukua elfu kumi na tano, nikaongeza tano akairudisha. Mota ikafungwa, ovaloki ikawaka nusu saa nzima haina kelele, waya wa pedali akaufunga kwa kamba ya mkonge ya zamani. Kwenye basi konda akataka elfu kumi na tano ya mzigo. Yaani aliyeifufua mashine na aliyeitupa kwenye buti wamelipwa sawa.

Tulipofika Mkata nikampigia mama Newala, nikamuuliza upande wetu nani na nani walikwenda mkonge. Akataja watano bila kufikiri, wawili sijawahi kusikia majina yao maisha yangu yote. Nilipotaka kuuliza zaidi akanikatisha, na hiyo cherehani kakuuzia shilingi ngapi? Nikamwambia laki nne.