Nilivyopata baiskeli ya milimani ya bei nafuu, gia 9 na springi ya mbele tu

Kila niliyemuuliza aliniambia nitafute yenye gia nyingi. Ishirini na moja, wakasema, na ukikuta ya ishirini na nne usiiache. Wengine wakasisitiza springi mbili, mbele na nyuma, kwa kuwa huku kwetu Moshi njia za mlimani zina mawe na mizizi. Ushauri wote huo ni wa hasara, na unaendelea kuwapotezea watu fedha. Baiskeli ninayopanda leo ina gia 9, springi iko mbele peke yake, nyuma ni kavu, na inateremka vijia vya Mweka na Kibosho kila wiki bila kulegea. Ni mtumba wa Ulaya. Pamoja na vipuri nilivyobadilisha ilinigharimu kama milioni moja na laki moja hivi, pengine na kidogo juu yake.

Nianze na hizo springi mbili. Shokapu ya nyuma nzuri ina mafuta na vali ndani, na viungo vya fremu yake vinazunguka juu ya beringi. Kwa bei ya chini hupati hivyo. Unapata springi tupu isiyo na cha kuituliza, na viungo vyenye bushi za plastiki. Ukipanda mlima, nguvu ya mguu inaishia kwenye springi. Ukishuka, inakurusha juu kila jiwe. Tope likiingia kwenye bushi kwa msimu mmoja wa masika, gurudumu la nyuma linaanza kucheza kushoto na kulia, na bushi za saizi ile huzipati. Juu ya hayo ni kilo 17 au 18 za kusukuma. Fedha ileile ikiwekwa kwenye baiskeli ya springi ya mbele tu, inaingia kwenye shokapu moja ya maana, breki za maana na gurudumu la nyuma la maana.

Gia sasa. Idadi haikuambii kitu, la kutazama ni gia nyepesi kuliko zote. Baiskeli nyingi za gia 21 zina meno 24 kwenye sahani ndogo ya mbele na meno 28 kwenye gia kubwa ya nyuma, juu ya tairi za inchi 26. Mzunguko mmoja wa pedeli unakusogeza kama mita 1.77. Yangu ina sahani moja ya meno 30 mbele na kaseti, yaani rundo la gia za nyuma, ya meno 11 hadi 42, tairi za inchi 29, na mzunguko mmoja unanisogeza kama mita 1.65. Kwa hiyo gia 9 zinapanda mlima kwa wepesi zaidi kuliko zile 21, na nimeondokana na dereila ya mbele (kile kifaa kinachohamisha cheni), waya wake na kishikio chake. Seti ya gia ya microSHIFT Advent ndiyo ya namna hiyo, na dereila yake ina klachi inayokaza cheni isirukeruke kwenye mawe. Ukipata Shimano Deore ya gia 10 yenye kaseti ya 11 hadi 46, ni bora zaidi.

Kabla ya kuipenda rangi, zungusha gia za nyuma kinyumenyume na utazame katikati yake, pale fundi anapoingiza kifaa cha kufungulia. Sehemu ile ikizunguka pamoja na gia, hiyo ni kaseti. Ikisimama tuli huku gia zinazunguka, hiyo ni frilwili ya kukazwa kwa nyuzi kwenye haba, kile kitovu cha gurudumu. Tofauti yake ni kubwa. Kwenye frilwili, beringi ya upande wa kulia imekaa ndani sana, na ekseli inatokeza kwa urefu mwingi bila kushikiliwa. Ruka mfongo mmoja, ule mfereji wa maji, vibaya na ekseli inapinda au inakatika. Kwenye kaseti beringi ya kulia iko karibu na mwisho wa ekseli, ndiyo maana inavumilia. Mimi baiskeli ya frilwili siitazami mara ya pili, hata ikiuzwa laki mbili.

Hardteli yangu ya kwanza, yaani baiskeli ya springi ya mbele tu, ilinishinda, na iliyonishinda ni fremu. Nilinunua kwa laki tatu na ushee fremu nyepesi ya aluminiamu ambayo shokapu yake ilikuwa imekufa. Hesabu yangu ilikuwa hii: fremu nimepata rahisi, nitatafuta shokapu ya upepo iliyotumika kidogo, nitaifunga, nimemaliza. Shokapu nikaipata, safi, ya safari (urefu wa kubonyea) ya milimita 120. Haikuingia. Shina lake, lile bomba linalopita ndani ya kichwa cha fremu, lilikuwa la kunenepa: inchi moja na robo nusu juu, inchi moja na nusu chini. Kichwa cha fremu yangu kilikuwa na tundu la milimita 34, na inchi moja na nusu ni zaidi ya milimita 38. Hakuna bushi wala kikombe kinachomaliza ugomvi huo. Fundi mmoja alipendekeza tulichonge shina kwa tupa. Usikubali kamwe, kwa sababu shina hilo ndilo linalobeba uzito wako wote unapofunga breki ya mbele kwenye mteremko. Hata kama lingeingia, ekseli ya shokapu ilikuwa ya milimita 15 yenye upana wa 110, na gurudumu langu lilikuwa la ekseli ya 9 kwa 100, kwa hiyo lilihitajika gurudumu jipya. Na fremu ilichorwa kwa shokapu ya milimita 80. Kuweka ya 120 kunanyanyua mbele, kunalaza pembe ya usukani kupita ilivyokusudiwa na kunaongeza mzigo kwenye welding ya kichwa. Fremu hiyo niliiuza kama chuma chakavu, shokapu nikaihifadhi.

Ndiyo maana sasa naenda kukagua na futi ya chuma mfukoni. Kichwa cha fremu kikiwa chembamba sawasawa juu na chini, na vikombe vya beringi vimetokeza nje, ni kile cha milimita 34, na utaishi na shokapu za zamani maisha yote ya fremu hiyo. Kikiwa kinene kama milimita 50 kwa nje juu na chini, ndani ni 44, na shina la kunenepa linaingia kwa kutumia kikombe cha nje upande wa chini. Kikiwa chembamba juu na kinene chini, umemaliza, kinapokea karibu kila shokapu ya sasa. Hii ndiyo sehemu ambayo hela haibadilishi. Pedeli, siti, usukani, tairi na hata breki utavibadilisha kidogo kidogo kadiri unavyopata. Kichwa cha fremu hakibadiliki.

Fremu za mtumba zina hatari moja kubwa, nayo ni ufa. Aluminiamu haipindi kukuonya kama chuma, inachoka kimyakimya kisha inaachia. Kagua chini ya kichwa pale bomba kubwa la chini linapoungana nacho, kagua mahali siti inapobanwa, kagua welding za nyuma karibu na ekseli. Tatizo ni kwamba rangi nayo hupasuka, na kwa macho huwezi kutofautisha rangi iliyopasuka na fremu iliyopasuka. Hapo ndipo ninapotoa chupa ndogo ya mafuta ya taa na kipande cha chaki nyeupe. Safisha sehemu unayoishuku mpaka ikauke kabisa. Paka mafuta ya taa kwa kitambaa na uache dakika kumi hadi kumi na tano, maana mafuta ya taa ni mepesi na yanapenya kwenye mwanya ambao wembe hauingii. Kisha futa, futa tena, mpaka juu pasibaki unyevu wowote. Sugua chaki pale, ipake vumbi jeupe lote. Halafu mwombe mwenzako akalie baiskeli na kuibonyeza mbele na nyuma huku ameshika breki. Kama ni ufa wa kweli, mafuta yaliyojificha ndani yanatoka na kuchora mstari mweusi mwembamba kwenye chaki, umenyooka kando ya welding. Kama ni rangi tu, utaona doa hafifu lililotawanyika au usione kitu. Njia hii imenitoa kwenye fremu mbili zilizong'aa kama mpya. Muuzaji wa mojawapo alikasirika, lakini mstari aliuona mwenyewe.

Siti nayo ichomoe mbele ya muuzaji. Nguzo ya siti iliyokwama ndani ya fremu kwa kutu ya aluminiamu inaweza kukataa milele, na ukilazimisha unapasua fremu. Soma kipenyo kilichochorwa kwenye nguzo: 27.2, 30.9 na 31.6 ndizo saizi za kawaida. Mbili za mwisho zinakupa nafasi ya kufunga baadaye nguzo inayoshuka kwa kitufe, na kwenye miteremko ya vihamba, yale mashamba ya migomba, hilo ni jambo kubwa.

Kwenye shokapu natafuta mabomba ya ndani yenye kipenyo cha milimita 32 na kupanda, springi ya upepo, safari ya 100 hadi 120. Mabomba ya milimita 28 yanajipinda ukikata kona kwenye mawe, na unaona gurudumu linakwenda kwake na usukani kwako. Pitisha ukucha juu ya mabomba. Ukucha ukikwama kwenye mkwaruzo, sili itavuja. Shika breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma, vidole vikiwa kwenye maungio. Mchezo ukiwa kwenye vikombe vya kichwa, unakazwa kwa dakika tano. Ukiwa kati ya bomba la ndani na la nje, bushi zimekwisha. Upepo unapimwa kwa kuzama: jaza, funga ringi ya mpira kwenye bomba la ndani, kalia taratibu na nguo zako za safari, shuka, pima. Kwa shokapu ya 120 nataka izame milimita 24 hivi. Utahitaji pampu maalumu ya shokapu. Ile ya baiskeli haifai, kwa sababu chemba yenyewe ni ndogo. Na kile kifundo cha juu kwenye shokapu za springi ya chuma hakiongezi ugumu wa springi, kinaikandamiza tu mwanzoni. Mtu wa kilo 95 hawezi kuokolewa nacho.

Breki nazitaka za mafuta, hata za bei ya chini kabisa. Shika mkono wa breki kwa nguvu sekunde thelathini. Ukizama polepole mpaka kwenye usukani, kuna upepo ndani au sili inavuja. Shimano na Tektro hutumia mafuta ya madini. Kuna mafundi wanaojaza mafuta ya breki ya gari, yale ya DOT, na sili zinavimba na breki inakufa. Soma pia maandishi kwenye diski: nyingi za bei ya chini zimeandikwa kwamba ni za pedi za resini tu, na pedi za chuma zitaila diski hiyo haraka.

Cheni naipima kwa futi ileile. Pini ya kwanza kwenye sifuri, pini ya 25 inapaswa kuangukia milimita 304.8. Ikipita 306 na nusu, badilisha cheni. Ikikaribia 308, kaseti nayo imeliwa, na hapo nashusha bei kwa laki nzima bila aibu. Tazama pia sikio la dereila, kile kipande kidogo kinachoishikilia. Kinatakiwa kiwe cha kufunguka kwa bolti. Nunua cha akiba siku hiyohiyo ukikiona, kwa sababu maumbo yake ni mengi na kupata kinacholingana baadaye ni kazi.

Kwa mwili wangu wa sentimita 174 nachukua saizi ya kati. Baiskeli nyingi za mtumba huja na stemu (kile kipande kinachoshikilia usukani) ya milimita 90 au 100 na usukani mwembamba wa 600, mpangilio unaokulaza mbele ya gurudumu kwenye mteremko. Nilifunga stemu ya 50 na usukani wa 760, kama elfu themanini vyote viwili, na baiskeli ikatulia.

Limebaki la mbigili. Mwezi wa Juni na Julai, masika yakishapita na mbigili zikakauka, tairi yenye tyubu inapata pancha tatu kwa siku moja ukishuka hadi tambarare. Nilikagua rimu zangu kwa kuchungulia ndani: zilikuwa za tyublesi, yaani za tairi isiyo na tyubu, upana wa ndani milimita 25. Nikabandika tepu yake, nikaweka vali, nikamimina dawa ya kuziba pancha mililita 100 kila tairi, nikachomoa kiini cha vali na kujaza kwa kompresa ya wauza upepo mpaka tairi ikaita kwenye kingo za rimu. Nikarudisha kiini. Kwa kilo zangu 78 natumia psi 22 mbele na 25 nyuma. Kwa tyubu ningehitaji karibu 30 ili rimu isiibane tyubu kwenye mawe. Joto linakausha dawa, kwa hiyo kila miezi mitatu naongeza mililita 50 kupitia kwenye vali.