Kigudulia chekundu na harusi za wafalme

Kwa miaka mingi niliitazama picha ya Las Meninas kama wengi wanavyoitazama: jicho langu lilikwenda moja kwa moja kwa mtoto wa kike mwenye nywele za dhahabu aliyesimama katikati, Margarita Teresa, binti wa Mfalme Felipe wa Nne wa Hispania, na likaishia hapo. Diego Velázquez aliichora mwaka 1656, mtoto huyo akiwa na umri wa miaka 5, na leo imo katika makumbusho ya Prado mjini Madrid. Siku moja nikajiuliza jambo lililopaswa kunijia mapema zaidi: ikiwa picha imeitwa kwa jina la meninas, yaani wasichana wa koo bora waliomtumikia binti mfalme, mbona simtazami hata mmoja wao?

Tangu siku hiyo ninamtazama María Agustina Sarmiento. Amepiga goti kando ya mtoto, mkononi ana sinia dogo, na juu ya sinia kuna kigudulia chekundu cha udongo anachompa ili anywe maji. Mtu anaweza kumdhania mtumishi wa jikoni, lakini huyu ni binti wa kabaila, na goti lile ni cheo. Jamaa zake walikuwa wamempatia nafasi ambayo koo nyingi ziliigombea, kwa kuwa aliyekuwa karibu na gudulia la malkia alikuwa pia karibu na sikio lake, na kwa kuwa katika kasri la Hispania msichana aliyetumikia vizuri aliweza kutarajia mchango wa mfalme siku ya kuolewa kwake.

Naye anayenyweshwa maji alikuwa safarini bila kujua. Picha zake nyingine, zile za gauni la waridi, jeupe na la buluu, zilipelekwa Vienna ili mjomba wake Leopold, kaka wa mama yake, amwone akikua. Leopold, mtawala wa Austria, alimwoa mwaka 1666, na Margarita akafariki mwaka 1673 akiwa na miaka 21. Mama yake, Mariana, naye alikuwa ameolewa na mjomba wake mwenyewe, baada ya kufa kwa mchumba aliyekuwa amewekewa, ambaye ni mtoto wa mjomba huyohuyo. Nimewahi kuchora nasaba hii kwenye karatasi na mistari ikanirudia mikononi kama uzi uliotatizika.

Tukizungumzia ndoa hizi, kwa kawaida tunahesabu mikataba, mipaka na vita vilivyoepushwa. Mimi nimeanza kuamini kwamba anayetaka kuzielewa aangalie mambo mawili yanayopuuzwa: fedha zililipwa lini, na wapambe waliofuatana na bi harusi waliruhusiwa kukaa naye kwa muda gani.

Nianze na fedha, ambako neno letu la mahari linaweza kutupotosha, maana katika ndoa hizi mali ilitoka kwa baba wa binti kwenda upande wa mume. Catalina wa Aragón, ambaye Waingereza humwita Catherine, aliolewa na Arthur, mrithi wa ufalme wa Uingereza, mnamo Novemba 1501, kwa ahadi ya krauni 200,000. Nusu ililipwa. Mwezi Aprili 1502 Arthur akafa, na hapo mabwana wawili wenye mkono mgumu, Henry wa Saba, baba wa Arthur, na Fernando wa Aragón, baba wa Catalina, wakaanza kuvutana: mmoja alitaka nusu iliyobaki, mwingine hakuona sababu ya kulipia ndoa iliyokwisha zikwa. Msichana akabaki katikati kama rehani ambayo hakuna anayetaka kuikomboa. Mwaka 1506 alimwandikia baba yake kwamba ameuza bangili ili apate gauni la mahameli nyeusi, kwa kuwa alikuwa karibu kukaa uchi. Jambo linalonigusa zaidi katika barua zake ni kwamba aliwalilia pia wanawake waliomtumikia, ambao hakuwa na cha kuwalipa. Ubahili wa wafalme wawili ulikuwa umeshuka ngazi hadi kwa watu ambao majina yao hayamo katika mkataba wowote. Mwaka 1507 baba yake alimpa hati ya kuwa balozi wake, na mwaka 1509 aliolewa na Henry wa Nane, mdogo wake Arthur.

Kuhusu wapambe, mfano ulio wazi ni wa mto Bidasoa, unaotenga Ufaransa na Hispania. Tarehe 9 Novemba 1615 mabinti wawili walibadilishwa hapo kwa siku moja: Anna wa Hispania, mwenye miaka 14, akaenda kuwa mke wa Louis wa 13, mfalme wa Ufaransa, na Élisabeth wa Ufaransa, ambaye hakuwa ametimiza miaka 13, akaenda kwa mvulana wa miaka 10 aliyekuja kuwa Felipe wa Nne. Mpango mzima ulilenga kwamba upande wowote usionekane umetangulia au umetoa zaidi, kama watu wanaopima nafaka kwa kibaba kimoja. Anna alivuka na wanawake wake wa Kihispania, lakini kufikia mwaka 1618 wengi walikuwa wamerudishwa kwao. Si chuki tupu iliyowafukuza. Mpambe wa kigeni aliandika barua, alijua malkia ameshika mimba au la, na alijua mfalme amelala wapi, kwa hiyo kila kasri lilitaka wapambe wake walioko ugenini wabaki, na wa wenzao waondoke.

Wako walioweza kutoka katika mchezo huu. Margaretha wa Austria alipelekwa Ufaransa mwaka 1483 akiwa na miaka 3, akarudishwa kwao baada ya mchumba wake kuoa mwingine, akafiwa na waume wawili kufikia mwaka 1504, kisha akakataa katakata kuolewa tena. Aliitawala Uholanzi ya Kusini na ya Kaskazini kwa niaba ya ukoo wake, na mwaka 1529 yeye na Louise wa Savoy, mama wa mfalme wa Ufaransa, ndio waliopatana amani mjini Cambrai baada ya wanaume kushindwa. Napenda kumtaja, ingawa lazima nikiri kwamba ujane ndio uliompa nafasi hiyo.

Narudi kwa Catalina, kwa sababu ya María de Salinas. Mhispania huyu alikuwa mpambe wake kwa miaka mingi, na mwaka 1514 balozi wa Hispania alilalamika kwamba anamshawishi malkia aisahau nchi yake. Mwaka 1516 aliolewa na kabaila wa Kiingereza, Lord Willoughby, wakapata binti. Willoughby alipofariki, malezi ya binti huyo mrithi, pamoja na haki ya kumwoza, yalinunuliwa na Charles Brandon, rafiki wa Henry wa Nane, ambaye mwaka 1533 alimwoa mwenyewe, binti akiwa na miaka 14 naye akikaribia 50. Desemba ya mwaka huohuo Brandon alitumwa na mfalme kwenda Buckden kuwaondoa watumishi wa Catalina, aliyekuwa ameachwa, naye Catalina akajifungia chumbani. Hivyo aliyetumwa kuwatawanya wapambe wa malkia alikuwa mkwe wa mpambe wake wa kale.

Usiku wa kuamkia mwaka 1536 ulipokuwa umepita, Catalina alikuwa mgonjwa hoi katika ngome ya Kimbolton, na María alikuwa amenyimwa ruhusa ya kumwona. Akafunga safari bila ruhusa. Alipofika langoni usiku, aliwaambia walinzi kwamba ameanguka kutoka kwenye farasi na kwamba barua ya idhini iko njiani. Wakamfungulia. Barua haikuletwa, na yeye hakutoka tena chumbani kwa malkia hadi tarehe 7 Januari, siku Catalina alipofariki.